Chambo Chepesi kwa Bingwa

6 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvuke wa huko kwenye dobi ya hospitali haujazidi kukuchoma macho. Sisi hatujambo. Mguu wa Baba umepona, anatembea bila mkongojo, ila analalamika kana kwamba bado anao. Anakusalimu sana. Mimi karakana yangu ya baiskeli inakwenda. Nimetia mlango wa chuma, na wateja wameacha kunisimamia mlangoni wakiuliza fundi yuko wapi.

Sasa nije kwenye lililoniketisha. Jumamosi nilikuwa nimepindua baiskeli ya mwalimu nabadilisha mnyororo, redio imewashwa, watu wamejaa wanangoja zamu. Nikasikia sauti ya aliyekuwa mumeo. Siku hizi hana jina jingine, kila mtu anamwita Bingwa. Anaeleza jinsi alivyobuni vyambo vyake vya kuvulia samaki aina ya besi, jinsi alivyojifunza uzito wa kila kimoja. Mtangazaji akamuuliza, "Zamani ulikuwa ukivua na mkeo wa kwanza. Yeye kazi yake ilikuwa nini?"

Bingwa akacheka. Akasema, "Yule? Alikuwa anabeba ndoo."

Watu karakanani wakacheka pia. Nilikuwa na spana mkononi, na ni bahati ya redio kwamba iko juu ya kabati.

Shangazi, mimi nilikuona. Nilikuona ukiyeyusha risasi kwenye mkebe wa maziwa nyuma ya nyumba, ukiimimina iwe vichwa vidogo vya vyambo, ukivipiga tupa mpaka viwe laini. Nilikusikia ukimnong'oneza "funga chepesi," naye anafunga, anatupa, anapigiwa makofi. Kisha akakutoa na mfuko wa nguo, sanduku la vyambo akabaki nalo yeye, akamwingiza mke mpya, yule mshonaji.

Septemba kuna mashindano bwawani. Nataka kumshinda mbele ya watu wale wale. Nifundishe uzito. Nina ufito wa kuvulia wa kuazima na hasira yangu mwenyewe.

Wako,
Binti wa kaka yako


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu dereva anayeleta sabuni hospitalini aliisahau chini ya kiti, akaiona alipokuwa akitafuta kiatu. Simu sipokei, usinilaumu. Simu inataka jibu papo hapo, na majibu yangu ya papo hapo si ya kusikiwa na watu.

Mimi mzima. Tumeletewa mashine mpya ya kufulia, kubwa kama chumba, inanguruma hata mashuka yenyewe yanaogopa. Nimehamishiwa upande wa pasi. Chumba nilichopewa safari hii kina dirisha.

Huyo mtu unayemtaja simjui. Kama aliwahi kuoa, basi alioa ndoo.

Lakini besi namjua. Besi ni samaki mwenye kiburi. Ana mdomo mpana, anaweza kumeza kitu kinachokaribia nusu ya mwili wake, ila hali kila kipitacho. Watu wanadhani uzito wa chambo ni wa kukifikisha mbali. Sivyo. Uzito ndio unaoamua kitaangukaje, na besi hula kinachoanguka.

Chambo kizito kinashuka kama jiwe. Hicho ni cha siku ya upepo, cha kina kirefu, na cha magugu mazito, maana chepesi kitabaki juu ya magugu kama kuku juu ya paa. Besi akiona kitu kinampita kasi puani anakidaka kwa hasira kabla hajafikiri. Chambo chepesi kinashuka polepole, kinampa nafasi ya kukitamani. Hicho ni cha maji matulivu na maangavu, au maji yaliyopoa baada ya mvua, wakati samaki amenuna hataki kukimbizana na kitu. Ukitupa kizito hapo, kishindo tu kinamhamisha.

Usianze na ulichokizoea. Anza na chepesi kabisa ambacho bado unakisikia mkononi kikizama. Usipokisikia, upepo umekunyang'anya, ongeza kidogo. Ukigusa chini bila kudonwa, usitupe kwa nguvu zaidi, badili. Mvuvi mbovu hubadili mahali kabla ya kubadili uzito. Na ufito wako uwe mlaini. Ufito mgumu hauwezi kutupa kitu chepesi, utakuwa kama kumrushia mtu manyoya kwa mwiko.

Sina mengine. Bega lake la kulia bado linamsumbua? Nauliza tu.

Salamu za kaka yangu nimezipata. Nimeziweka pamoja na zile za zamani.

Shangazi yako


2 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima. Mama amepaka sebule rangi ya kijani, Baba anasema anajiona yuko ndani ya chupa. Anakusalimu. Najua hujajibu salamu zake, nami sisemi kitu, nazifikisha tu.

Nimefanya ulivyosema. Mwezi wa kwanza nililisha magugu vyambo vyangu vyote. Siku moja upepo uligeuka, chambo kikanirudia kikanasa kofia yangu, na wazee waliokuwa kwenye gati wakaniuliza kama hiyo kofia ninaiachia au ninaipeleka kwa mpimaji wa samaki. Lakini juzi baada ya mvua, maji yakiwa yamepoa, nilifunga kichwa cha gramu tano, nikakiacha kizame mwenyewe. Nilikuwa hata sivuti. Mshipi ukasogea pembeni kama mtu anayejitenga kwenye mazungumzo. Nikakaza. Shangazi, alikuwa na mdomo kama mfuko wa shule. Nikamtazama, nikamrudisha majini, nikatupa tena.

Sasa kuhusu usiyemjua. Bega la kulia limekufa kabisa. Anatupa kwa mkono wa kushoto, na mkono ule haujui upole, kwa hiyo lazima awe na uzito wa kumsaidia kutupa. Kizito siku ya upepo, kizito siku isiyo na upepo. Kwenye duka lake la vyambo anauza vizito tu, kila kimoja kimechorwa uso wake, na amejichora na nywele.

Ila kuna jambo linanitatiza. Kuna siku anashinda. Mwezi uliopita maji yalikuwa kama kioo, naye akatoa besi wanne wakubwa. Kwa mkono ule? Sielewi.

Binti yako


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sehemu ya bega nimeirudia mpaka mwenzangu wa pasi akaniuliza kama nimetumiwa posa. Nikamwambia ni habari ya mgonjwa. Waswahili walisema mwenye kovu usidhani amepoa, na mimi sijadai kwamba nimepoa.

Niandike kifupi kwa sababu dereva anapiga honi. Mtu wa mkono wa kushoto mwenye vizito peke yake hawezi kutoa wanne bwawani pale siku ya kioo. Hawezi. Kuna anayemwambia. Nenda ukae ukutani, juu ya lile boma la bwawa, utazame nani yumo kwenye mashua yake.

Shangazi yako


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila nimekaa na barua hii siku nyingi nikiogopa kuiandika.

Nilikwenda ukutani asubuhi. Bingwa alikuwa nyuma ya mashua kwenye kiti chake cha kukunja. Mbele alikaa mkewe, yule mshonaji. Alitia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akanusa vidole. Akatazama miti ya ng'ambo kama majani yanatikisika. Kisha akafungua mkebe wa kuwekea nyuzi, akatoa chambo, akakifunga, akakata ncha ya mshipi kwa meno kama akatavyo uzi, akampa. Sauti hutembea juu ya maji, nilimsikia akisema, "Leo cha kati. Usivute mpaka nikwambie." Naye akatupa. Mshonaji akasema, "Sasa." Na samaki akaja.

Mashua ilipopita chini ya ukuta, vya mkebeni nilivitambua. Ni vyako, Shangazi, vile ulivyovipiga tupa mwenyewe. Kumbe hata kwa chambo kisicho kizito, wakisimamisha mashua karibu sana na kivuli, hahitaji kutupa mbali. Anakidondosha tu, na mwanamke ndiye anayeisogeza mashua kwa kafi bila kelele.

Walipofika gatini watu walimpigia Bingwa makofi. Mshonaji alikuwa ameinama anakunja kamba iliyolowa.

Nilikwenda pale kumchukia na yeye. Nimekaa ukutani nikakuona wewe.

Nisamehe kama hili sikupaswa kulileta.

Binti yako


9 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Hujajibu. Dereva anaapa kwamba barua alikukabidhi mkononi na kwamba uliisoma umesimama, ukaondoka bila kumuaga. Unaumwa? Nimekukosea?

Mashindano yamekaribia. Kila mashua inataka watu wawili. Mashua nimeazima, ila mwenzangu bado sina. Baba ameacha kwenda kucheza drafti dukani kwa Bingwa. Hajasema kwa nini, nami sijamuuliza. Anakusalimu.

Binti yako


20 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, na hujanikosea. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ilikuwa imekosa pa kukaa.

Mwanamke yule nimemchukia kwa bidii, kama kazi ya pili. Kila shuka ninalolipiga pasi nilikuwa namwona amelala nyumbani kwangu miguu juu, anakula jasho langu. Halafu wewe unaniletea mtu aliyeinama anakunja kamba. Umeninyang'anya kitu nilichokizoea, na sijui shukrani yake ni ipi. Siku kadhaa nilitaka kukuandikia uniache. Kisha nikawaza vizuri, nikaona umenipa kitu bora.

Sikiliza. Ukimshinda kwa samaki peke yake, atasema maji yalikuwa mabaya. Namjua. (Sawa, namjua.) Mwanamume yule ukimnyima kikombe anapata hadithi ya kusimulia. Usimnyime kikombe. Mnyime macho.

Mchukue mkewe. Mtoe kwenye mashua yake umtie kwenye yako. Mwambie maneno haya kama yalivyo: "Aliyekutangulia anakuuliza, unapochagua wewe, anapigiwa makofi nani?" Ukishasema, nyamaza. Usimbembeleze. Chambo kikishaanguka, mkono unatulia.

Wala usidhani nimeanza kumpenda. Sipendi watu kwa ajili ya karatasi moja. Ninachotaka ni mtu yule akae katikati ya maji na sanduku zima la vyambo magotini, asijue ashike kipi, na watu wote aliowaambia habari za ndoo wawe wanamtazama.

Mwosha huoshwa, mwanangu, na mimi ndiyo kazi ninayolipwa.

Shangazi yako


22 Septemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Wote wazima, na leo sitaki kukuchosha na habari za sebule.

Nilimkuta mshonaji nyumbani, anapinda sketi ya shule, Bingwa yuko dukani. Nikasema maneno yako kama yalivyo. Aliendelea kuzungusha cherehani mpaka pindo likaisha. Akakata uzi.

"Aliyenitangulia amechelewa," akasema. "Mimi nimengoja mtu aniulize hivyo tangu mwaka wa pili wa ndoa." Akakunja sketi. "Ulisikiliza redio? Wewe shangazi yako alisemwa vibaya. Mimi sikusemwa kabisa. Mtangazaji alimuuliza siku hizi anavua na nani, akajibu anavua peke yake."

Nikanyamaza kama ulivyoniagiza.

"Siku isiyo na upepo, shangazi yako angefunga kipi?" akaniuliza.

"Chepesi kabisa anachokisikia mkononi."

"Basi tunaelewana."

Siku ya mashindano alimwandalia Bingwa chai, akafunga kilemba, akaja gatini kwa miguu na mkebe wake wa nyuzi, akapanda mashua yangu. Bingwa alikuwa kwenye yake, anamngoja. Akauliza, "Unafanya nini humo?"

"Navua."

Akawageukia watu akacheka, "Leo wanawake wamekuja kuoga." Watu wakacheka naye, maana wamezoea. Akamwita karani wa duka lake awe mwenzake, mtu mnene mwenye viatu vya ngozi ambaye hajawahi kupanda mashua.

Shangazi, ungemwona Mungu alivyokuwa upande wetu. Hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Maji kioo, jua kali. Bingwa akampa karani makasia, wakaenda kwenye kina, karibu na ukuta, Bingwa akatupa. Kishindo chake kilisikika mpaka gatini. Akatupa tena. Karani akawa anafungua vyambo kimoja kimoja, anauliza, "Hiki? Au hiki?" na Bingwa anajibu, "Lete chochote." Akahama. Akatupa. Akahama tena.

Sisi tulikuwa pembeni kwenye kivuli cha matete, maji ya kiunoni. Mshonaji alitia mkono majini akasema, "Wapo, lakini wamenuna." Tukafunga vyako vidogo kwa mshipi mwembamba. Nikarusha mbele ya kivuli, si ndani yake, nikaacha kizame. Nilitaka kuvuta, akanigusa goti. "Mwache akitamani." Nikasikia mguso mdogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika nayo. Akasema, "Sasa." Yule wa kwanza aliruka juu mara mbili, mdomo wazi, akatikisa kichwa kama anakataa shtaka. Baada ya hapo tulifanya kwa zamu, yeye anatupa mimi nashika kafi, kisha mimi natupa. Mchana kidogo upepo ukaanza; akanitazama, nikaongeza uzito kabla hajasema. Akacheka kwa mara ya kwanza.

Kwenye mizani tulileta watano, na wa tano alikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Bingwa alileta mmoja, mdogo kama ndala ya mtoto. Mpimaji akamgeuza huku na huku akitafuta pa kumshika. Hakuna aliyecheka. Nilidhani nitafurahi wakicheka, lakini ule ukimya ulikuwa mtamu zaidi. Watu walikuwa wanamtazama yeye, wanamtazama mkewe, wanamtazama yeye tena, na unaona kabisa kichwani mwao miaka inahesabiwa upya.

Bingwa akasema maji yalikuwa mabaya. Aliyasema yale yale uliyoniandikia, neno kwa neno.

Mtangazaji akamletea mshonaji kipaza sauti, akamuuliza alijifunza wapi. Akalitaja jina lako lote, la kwako na la baba yako. Akasema, "Vyambo hivi alivitengeneza yeye. Mimi nilivikuta ndani ya nyumba, nikajifunza kwa kuvishika." Wale wa zamani waliokuwepo wakainamisha vichwa. Baba alikuwa nyuma kabisa. Alivua kofia akaishika kifuani, na sikumbuki kumwona akifanya hivyo nje ya msiba.

Mshonaji hakurudi kwa Bingwa. Cherehani yake iko kwenye kona ya karakana yangu, chini ya dirisha. Wateja wanasema sasa unaweza kuziba pancha na suruali pahali pamoja.

Niambie umefurahi.

Binti yako


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi. Niliisoma barua yako chumba cha pasi, na siku hiyo niliunguza foronya ya daktari mkuu, wala sikujuta. Mwambie mshonaji nimepokea jina langu. Mwambie hivyo tu, ataelewa. Mwambie na kaka yangu kwamba kofia nimeisikia.

Sasa nami nina habari.

Wiki iliyopita mlinzi alinijia akaniambia nina mgeni kwenye benchi la wanaongoja kuona wagonjwa. Nikachungulia. Alikuwa yeye, na sanduku langu la vyambo magotini. Amenenepa shingo na amekonda miguu. Nikarudi kwenye pasi, nikamaliza zamu yangu yote pamoja na sehemu ya zamu ya mwenzangu, ndipo nikaenda.

Nikamkaribisha chumbani, nikampa chai. Akasifu dirisha. Akazungumza habari ya barabara, habari ya bega. Sikumuuliza kitu. Mwisho akasema, "Yaliyopita si ndwele, mke wangu. Tugange yajayo."

Nikamwambia, "Ndwele naifua mimi kila siku. Naijua harufu yake."

Akapigapiga kifuniko cha sanduku. Kisha akaniomba nirudi. Alisema nyumba ni kubwa. Nikasema hapana, naye hakusisitiza, nikajua hilo halikuwa lililomleta. Akalisukuma sanduku mezani.

"Basi niambie tu," akasema. "Pale ukutani, maji yakitulia. Nifunge kipi?"

Mwanangu, miaka yote ile nilitamani aniulize hivyo mbele ya watu. Amekuja kuniuliza mlango umefungwa, hakuna anayemsikia. Nikafungua sanduku. Lilikuwa limejaa vile vyenye uso wake, ila chini kabisa, kwenye vumbi, vilibaki vidogo vyangu vichache ambavyo mshonaji hakuwahi kuvihamisha. Nikakishika kimoja. Kidole changu kilikumbuka pale tupa ilipopita.

Nikavitoa vyote, mbele ya macho yake, nikavifunga kwenye leso. "Hivi havikufai tena," nikamwambia. Akasema, "Chukua, chukua."

Kisha nikamtazama mpaka akainamisha macho.

"Ongeza uzito," nikamwambia.

"Zaidi ya hivi?"

"Zaidi. Maji yakitulia besi analala usingizi. Lazima umwamshe."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia aliyokuwa akiipita kila siku. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akasema siku zote alijua kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili. Nikamsindikiza mpaka getini. Alitembea vizuri, kifua mbele, sanduku halimlemei.

Vidogo vyangu dereva atakukabidhi pamoja na barua hii. Gawaneni.

Msimu ujao nimeomba likizo. Niwekeeni kiti ukutani, pale ambapo kishindo kinasikika vizuri.

Shangazi yenu